Siku Moja Gibraltar, Mikono Mitupu

Mimi nauza vitenge katika soko la Virunga, hapa Goma, Kongo, na kwa miaka mingi nimevuka Petite Barrière, mpaka wetu na Rwanda, kwa miguu kwenda Gisenyi na kurudi kabla jua halijazama. Nalitaja kwa sababu lilinisaidia sana siku ile ya mwezi wa nane 2023, kaka yangu anayeishi Málaga alipotuchukua sote kwenda Gibraltar. Tangu nirudi, watu wanaokwenda Hispania kutembelea ndugu zao hunijia mezani kwangu sokoni na maswali. Ni mbali? Inafaa kwenda na watoto? Ni kweli kima wanatembea barabarani kama kuku? Nimeona niandike yote mara moja.

Gibraltar ni mwamba mmoja mkubwa ulioingia baharini, kusini kabisa mwa Hispania. Kilele chake ni mita 426, mji umebanwa chini yake upande wa magharibi, na nchi yote haifiki kilomita za mraba 7. Ni mali ya Uingereza: meli za Waingereza na Waholanzi ziliuteka mwaka 1704, Hispania ikautoa kwa mkataba wa Utrecht mwaka 1713, na mpaka leo inaudai. Jina limetoka kwa Kiarabu, Jabal Tariq, mlima wa Tariq, yule jemadari aliyevuka kutoka Afrika mwaka 711. Sisi tuliozoea mawe meusi ya Nyiragongo, volkano yetu, weupe wa chokaa ile unachoma macho. Beba kofia.

Karatasi kwanza

Usinunue tiketi ya basi, usiahidi watoto, kabla hujajua karatasi zako zinasema nini. Gibraltar haikuwa ndani ya Schengen, zile nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani. Mimi mwenye paspoti ya Kongo nilihitaji kibali cha Gibraltar chenyewe, kinachoombwa kupitia Waingereza, mbali na visa ya Hispania niliyoihangaikia Kinshasa. Na visa ya Hispania nayo ilikuwa lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu ukishapita ule uzio wa mpakani ulikuwa umetoka, na kurudi kwako jioni kulihesabiwa kuingia upya.

Hilo lilimkuta baba mkwe wa kaka yangu. Mzee alikuwa amekuja kutembelea binti yake, visa yake ilikuwa ya kuingia mara moja tu, na hakuna aliyeisoma vizuri mpaka tulipokuwa kwenye mstari. Ikabidi abaki upande wa Hispania, katika mji wa La Línea. Tulimwacha kwenye ufukwe wa Santa Bárbara, karibu na mpaka, ambako mwamba unauona mzima mbele yako kama ukuta. Alituambia twende, asiharibu siku ya watoto. Mimi ni mtu wa mpaka, nazijua sura za watu wanaorudishwa, na sikupenda kuiona ile juu yake.

Mwezi wa 6 mwaka 2025 Uingereza na Umoja wa Ulaya walipatana kuondoa ukaguzi wa watu kwenye uzio ule. Kwa hiyo wewe unayesafiri sasa usifuate nilivyofanya mimi mwaka 2023. Uliza ubalozi, pata jibu la maandishi, tembea nalo.

Kuvuka

Kutoka Málaga mpaka La Línea ni kilomita zipatazo 130. Basi lipo, na kituo chake cha La Línea ni mwendo wa dakika chache kwa miguu hadi mpakani. Mwenye gari aliache La Línea. Foleni ya magari ya kuingia inaweza kula asubuhi yako yote, na wewe unaona wenye miguu wakikupita. Tulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na nilimsukuma kaka yangu kwa hilo. Anayevuka mapema anavuka na wafanyakazi, na askari wa mpakani asubuhi bado ana subira. Maelfu ya Wahispania huvuka pale kila siku kwenda kazini. Niliwatazama, kila mmoja na kitambulisho mkononi tayari, macho mbele, hakuna anayeupoteza muda wa mwenzake. Nilijiona niko nyumbani, isipokuwa hakukuwa na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, wala mama mwenye beseni la nyanya kichwani.

Uzio ule una habari yake. Mwaka 1969 Franco, mtawala wa Hispania, aliufunga, familia zikakatwa katikati, na watu wakawa wanasimama huku na huku wakipigiana kelele kupeana habari za ndoa na misiba. Wenye miguu walifunguliwa tena mwezi wa 12 mwaka 1982, magari mwaka 1985. Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa hayo sana. Tunajua siku bariyeri inapofungwa mapema nyanya zinaoza mikononi mwa nani.

Ukishapita askari, barabara inakupeleka moja kwa moja juu ya uwanja wa ndege. Namaanisha juu ya njia yenyewe ya ndege. Magari yamepewa handaki tangu mwaka 2023, lakini mwenye miguu bado anaweza kuikata njia ile, na ndege inapokaribia vizuizi vinashushwa, mnasimama, inatua mbele yenu, mnaendelea. Mtoto wa kaka yangu, miaka tisa, alitaka tusimame katikati apigwe picha. Hairuhusiwi kusimama, tembea. Mimi nilikuwa nakumbuka mwezi wa kwanza 2002, lava ilipofunika sehemu ya uwanja wetu hapa Goma na sisi tukakanyaga mawe yenye moto bado ndani kutafuta njia ya kurudi nyumbani. Nilimsimulia tukivuka. Alinishika mkono mpaka ng'ambo.

Mambo madogo ya pale: pesa ni paundi ya Gibraltar, sawa kwa thamani na ya Uingereza. Maduka mengi yanapokea euro lakini chenji unarudishiwa paundi. Simu nayo inaruka mtandao kama zetu zinavyodaka mtandao wa Rwanda ukiwa Birere, kwa hiyo zima data kabla ya uzio.

Panda kwa gari, shuka kwa miguu

Kabla hujalipa chochote, tazama kilele. Upepo wa mashariki ukivuma, wenyewe huuita Levante, wingu linakaa juu ya mwamba kama kilemba na juu hauoni kitu, hata kama mjini jua linawaka. Ni kama Nyiragongo: asubuhi mlima upo, adhuhuri haupo. Ukiukuta umefunikwa, anza na mji, subiri.

Taksi za kupanda zinasubiri mpakani na mjini, zinabeba watu kadhaa pamoja, na bei mnapatana kabla ya kupanda, pamoja na tiketi ya hifadhi imo au haimo. Waulize hilo la tiketi waziwazi. Sisi tulipanda kwa gari mpaka pango la St Michael, tukamwachia dereva aende zake, tukateremka kwa miguu polepole. Kwa familia yenye watoto sijui njia bora kuliko hiyo. Wenye miguu ya vijana wanaweza kupanda Mediterranean Steps, ngazi zilizochongwa upande wa mashariki kuanzia Jews' Gate, nyembamba, zenye bonde upande mmoja. Si kwa mtoto mdogo wala siku ya upepo.

Pango ni zuri na lina ubaridi. Wakati wa vita vya pili vya dunia lilitayarishwa liwe hospitali, halikutumika, sasa wanafanyia matamasha humo ndani. Mwamba wote umetobolewa hivyo, una kilomita zaidi ya 50 za mahandaki. Ya zamani kabisa yalianza kuchimbwa mwaka 1782, Wahispania na Wafaransa walipouzingira mji kwa zaidi ya miaka mitatu. Kaka yangu angeweza kukaa humo mpaka usiku.

Mimi nilitoka nje, nikasimama ukutani. Ng'ambo ya maji kulikuwa na milima, ya buluu, karibu kiasi kwamba nilidhani bado ni Hispania. Nikauliza. Nikaambiwa ni Jebel Musa, ni Morocco, ni Afrika. Nilikuwa nimekaa Ulaya wiki tatu bila kulia. Pale nililia kidogo. Usipite mahali pale haraka.

Kima

Sasa hili ndilo nililoketi kuliandika.

Kima wa Gibraltar ndio kima pekee wanaoishi huru Ulaya nzima. Wako kama 300 hivi, katika makundi kadhaa. Asili yao ni Afrika: ndugu zao wako milima ya Morocco na Algeria, na kule wanazidi kupungua. Ni wakubwa, dume linaweza kufika kilo 15, manyoya ya rangi ya majani makavu, na hawana mkia. Kwa sababu hiyo Waingereza wa huko huwaita kwa jina la sokwe, ingawa si sokwe. Kifaransa chetu kinawaita macaque, na wanaisimu wanasema neno hilo Wareno walilichukua huku kwetu, katika lugha za Kibantu za pwani ya magharibi. Ndilo lile lile makako tunalolisikia kwa wasemaji wa Lingala kila siku. Kuna imani ya zamani kwamba kima wakiisha, Waingereza nao wataondoka, na Churchill, waziri mkuu wao wakati wa vita vya pili vya dunia, alipoambiwa wamebaki wachache, aliamuru waongezwe.

Sheria ya kwanza, nayo inabeba nyingine zote: panda na mikono mitupu. Usiwe na chakula. Usiwe na mfuko wa plastiki hata kama ndani yake mna viatu, kwa sababu kima wale wamejifunza kwamba plastiki inayochakacha maana yake chakula. Acha biskuti, karanga, chupa ya soda. Maji yakae ndani ya begi lililofungwa, begi livaliwe kifuani. Paspoti na pesa zifungwe kiunoni ndani ya nguo, kama sisi wa bariyeri tunavyobeba. Zangu zilikuwa hapo.

Za wenzangu zilikuwa ndani ya begi la mtoto. Wifi yangu alitumbukiza humo pakiti ya biskuti bila kufikiri, na mtoto alilivaa mgongoni. Tulikuwa tumesimama karibu na ukuta mfupi, mahali panapoitwa Apes' Den. Jike mmoja alikuja juu ya ukuta bila haraka, akakaa nyuma ya mtoto kama anayesubiri zamu yake. Halafu akanyoosha mkono, akashika kile chuma kidogo cha zipu kwa vidole viwili, akakivuta taratibu mpaka mwisho. Niliziona kucha zake, nyeusi, fupi, safi kama za mtu. Alitoa kwanza chupa ya mafuta ya jua, akainusa, akaiachia. Kisha kile kipochi chenye paspoti tatu, akakigeuza, akakiweka juu ya ukuta, upande wa bonde. Ndipo akapata biskuti. Nilimwambia mtoto, “Usigeuke. Teremsha mikono, usishike kitu.” Alitii, midomo ikimtetemeka. Jike aliondoka na pakiti, na mimi nikakichukua kipochi kwa mikono miwili, kwa sababu upepo ulikuwa unavuma.

Ikikutokea hivyo, fanya alivyofanya mtoto yule. Usivutane. Usipige kelele, usikimbie. Akikurukia begani, simama, tembea polepole, atashuka mwenyewe. Usimshike kumtoa, kwa sababu hapo ndipo wanapouma. Usisimame kati ya mama na mtoto wake, usimkodolee macho, usimguse hata kama amekaa kimya karibu nawe. Tazama kinywa chake. Akikaza midomo duara kama anayetaka kupuliza moto, macho yamemtoka, anakufukuza, rudi nyuma. Akigonganisha meno upesi upesi, watu hudhani ana hasira, kumbe kati yao ni salamu ya amani. Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha kwa maji mengi na sabuni, uende hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kurudi Málaga.

Kuwalisha ni kosa, na faini inafika paundi 4,000. Lakini sitaki uache kwa kuogopa faini. Serikali inawawekea matunda, mboga na maji kila siku, hawana njaa. Biskuti na viazi vya kukaanga vinawanenepesha, vinawagombanisha, na kubwa zaidi vinawafundisha kushuka mjini kupekua mapipa na kuingia majumbani. Mwaka 2008 serikali ilitoa kibali cha kuua baadhi ya kima waliozoea kushuka hivyo. Kwa hiyo karanga uliyompa wewe, ukacheka, ukapiga picha, ukaenda zako, analipa yeye.

Nina sababu ya kulisema kwa ukali. Nilipokuwa mdogo tukisafiri kwa lori kwenda Kanyabayonga, barabara inakata mbuga ya Virunga, na nyani wanakaa kando wakisubiri. Sisi watoto tuliwarushia vipande vya miwa na maganda ya ndizi ili tuwaone wakigombania. Safari moja, tukirudi, tulimkuta mmoja amelazwa na gari palepale tuliporusha, mtoto wake bado ameshikilia manyoya. Sikuwaambia wazazi kitu. Mpaka leo nikipita njia ile natazama upande mwingine.

Ndiyo maana juu ya mwamba, dereva mmoja alipotoa karanga mfukoni amwite kima akae kwenye bega la mtoto wetu kwa picha, nilimkatalia. Alisema watalii wote wanapenda. Nilimwambia mtoto huyu hatapanda hivyo. Wewe nawe unaweza kukataa, na usione haya kwa kuwa mgeni.

Usipowapa kitu wanakusahau, na hapo unaanza kuwaona. Tulikaa kwenye jiwe mbali kidogo, labda nusu saa, mikono magotini. Dume mkubwa alipita amebeba kitoto chini ya tumbo, bado kina manyoya meusi ya kuzaliwa. Kwa aina hii ya kima madume hulea. Alikipeleka kwa dume mwingine, wakakiweka katikati yao, wakainama wote wawili juu yake wakigonganisha meno, kama wazee wanaopokea mtoto wa ukoo. Kitoto kilikuwa kinalia kwa sauti nyembamba. Kisha yule wa pili akaanza kumchambua mwenzake shingoni, na kitoto kikatambaa kikalala juu ya mguu wa mmoja wao. Mtoto wa kaka yangu aliacha kutetemeka. Aliniuliza kwa kunong'ona, “Shangazi, yupi ni baba yake?” Sikuweza kumjibu.

Enda asubuhi, kabla ya mabasi ya watalii kujaa. Kundi likiwa na watu wengi linakuwa na wasiwasi, na kima mwenye wasiwasi hapaswi kuwa karibu na mtoto.

Kushuka

Kutoka pangoni njia ya miguu inapita daraja la kamba la Windsor, mita 71, linatikisika, mwenye kizunguzungu apite barabarani. Chini zaidi kuna mahandaki ya kuzingirwa na mnara wa ngome ya Waislamu wa zamani, halafu ngazi zinakuleta uwanja wa Casemates. Ukiwa na nguvu bado, basi namba 2 linakwenda Europa Point, mwisho wa nchi: mnara wa taa wa mwaka 1841, msikiti mkubwa mweupe uliotolewa na mfalme Fahd wa Saudia, na kanisa la Bikira Maria wa Ulaya, ambako niliacha nia ya familia.

Casemates tulikula calentita, unga wa dengu uliookwa kwa mafuta ya zeituni, chakula cha wenyeji wenyewe. Laini ndani, juu kahawia, wanakata kama keki. Kwa mtu aliyeshuka mlima, inatosha. Nilifungiwa kipande kwenye karatasi kwa ajili ya mzee.

Tumia noti za Gibraltar kabla ya kuvuka, maana La Línea hazikusaidii, na hata Uingereza maduka mengi huzikataa. Sarafu nazo maliza. Mimi nilibakiza moja tu, ya peni 5, ya miaka ya nyuma, kwa sababu upande mmoja ina kima.

Tulivuka saa kumi na moja na nusu jioni. Mzee alikuwa palepale kwenye ufukwe, amehama tu kufuata kivuli, na chupa ya maji haijaisha. Nilimpa calentita, bado ina uvuguvugu. Halafu nikampa sarafu. Aliifuta mchanga kwa kidole gumba, akaisogeza karibu na macho, akaigeuza huku na huku, akaniuliza kama ni kweli hawana mkia.